Sinia Zako Bado Zinanuka Samaki

Mama Mukubwa,

Naandika nimesimama. Karatasi iko juu ya kifuniko cha pipa la maji, pembeni mwa jiko, na kila baada ya mistari michache naiacha ili nikaangalie chungu. Najua ungesema nini. "Ikala chini, Mademoiselle, karatasi haikimbii." Lakini leo siwezi kukaa. Tangu asubuhi natembea kutoka jikoni hadi langoni, kutoka langoni hadi jikoni. Hata mbuzi wa jirani amechoka kunitazama.

Nangoja kuona kama watoto watakuja kula.

Nitakueleza, maana mambo yamebadilika tangu tukuzike na sidhani kuna aliyekuambia. Tulikuchimbia haraka nyuma ya kanisa, kwa sababu risasi zilikuwa zinalia upande wa uwanja wa ndege. Hatukufanya matanga. Hakuna aliyelala kwetu, hakuna aliyewasha moto kwa ajili yako. Wewe uliyelisha mtaa mzima wa Rwambuzi uliondoka bila mtu kula chakula cha kilio chako. Wanaokuja kunipa pole huuliza kwa sauti ndogo, "Risasi?" Nikisema malaria, wanashusha pumzi kana kwamba nimewapa habari njema. Njia ya hospitali ilikuwa imefungwa siku zile, kwa hiyo hata mimi sijui niseme ulikufa kwa malaria au ulikufa kwa vita. Nasema malaria. Ni neno fupi.

Sinia zako bado zinanuka samaki. Nimezisugua kwa majivu, kwa limau, kwa mchanga; zinanuka tu. Miaka yote uliyouza makayabo sokoni, wale samaki wa chumvi kutoka Kasenyi wakilala juu ya sinia kama nguo zilizopigwa pasi, harufu iliingia ndani ya chuma chenyewe. Zamani niliona haya. Tangu uliponichukua, baada ya mama yangu, mdogo wako, kufariki, nilikwenda shule na daftari zinazonuka ziwa, na wenzangu walibana pua. Siku hizi nikiwa peke yangu naiinua sinia moja karibu na uso. Basi. Hilo ni langu na lako.

Nimekwenda kuchochea moto. Nimerudi.

Barabara ya Kasenyi ilipofungwa, ulibaki na furushi moja la samaki na sinia tupu. Wenzako waliuza samaki wao wa mwisho kwa bei waliyoitaka. Wewe ulitoka ukatazama mtaa. Kwenye veranda walikuwa wamekaa wazee ambao familia zao zilikimbia bila wao, kwa kuwa miguu haikuweza. Kwenye ukuta wa kanisa walikuwa watoto waliokimbia vijiji na kufika mjini peke yao. Ulirudi ukaniambia, "Kule kuko bazee bila batoto. Huku kuko batoto bila bazee. Leta maji." Hiyo ndiyo hotuba yote uliyotoa. Mimi nilikuwa na diploma yangu, nilitaka tukae kwanza tufikiri. Ulikuwa umeshaanza kuosha sinia.

Nacheka nikikumbuka siku ile ya kwanza. Uliweka bugali katikati ya kila sinia, sombe ya majani ya mihogo pembeni, kipande cha makayabo juu, na kila sinia ilikuwa na mzee mmoja na watoto wake wa kuazima, ambao baadaye walimwita koko, kama babu au bibi yao wa damu. Halafu hakuna aliyekula! Watoto walifundishwa kwao kwamba mkono wa mtoto hautangulii wa mzee, wakangoja. Wazee nao walifanya kama wazee wote wa kwetu, walisema wameshiba ili samaki abaki kwa wadogo. "Minashiba, mwanangu, kula weye." Tangu siku iliyotangulia hawakuwa wametia kitu tumboni. Wakatazamana hivyo, bugali ikipoa, na inzi ndio waliokula wa kwanza.

Ulisimama na mwiko mkononi, hasira imekupanda.

"Munaogopana sawa bibi arusi na bwana arusi? Weye mutoto, kata bugali, tia samaki, weka kwa kinywa ya muzee. Weye muzee, fungua. Kisha na weye unamulisha mutoto. Na mutu asikatae tonge ya mutoto hapa kwangu! Mwenye kukataa, aende akakule kwa wajeshi."

Wakacheka, wakafungua vinywa. Tangu siku hiyo hakuna mlo ulioanza kwetu namna nyingine. Nimesoma vitabu vingi kuliko wewe, Mama Mukubwa, na sijaona popote mtu aliyetatua jambo kwa mwiko kwa upesi ule.

Kulikuwa na sheria nyingine, hiyo ulimnong'oneza kila mgeni langoni: kwenye sinia hatuulizani kijiji. Kiswahili tu. Nje ya ukuta wetu jina la kijiji lilitosha kumwua mtu, na ulijua vizuri kwamba umewakalisha pamoja watu ambao ndugu zao walikuwa wanachomeana nyumba. Hukuwahi kulisema hilo mbele yao. Ulipanga tu nani akae wapi, ukajifanya unafuata kivuli cha ukuta.

Sinia ya mlangoni ilikuwa ya Muzee Ramazani, mchimbaji wa zamani wa dhahabu kule Nizi, mgongo umepinda kama mpini wa jembe lake. Ulimpa Zawadi, yule msichana mwenye domo, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Siku ya kwanza aliyatazama mapengo ya mzee akasema, "Muzee, na weye unabadilisha meno?" Mzee akajibu, "Yako itarudi. Yangu imekwenda kabisa, haikuaga hata." Ukamwona yule mtoto anamkatia samaki vipande vidogo zaidi, bila mtu kumwambia.

Na ule mchezo wa mzee wa kuinamisha sinia na kuizungusha taratibu, mchuzi wa maharagi ukizunguka, kama anaosha mchanga mtoni!

"Unatafuta dhahabu ndani ya maharagi?" ulimwuliza.

"Natafuta samaki. Bunia ya leo, samaki iko nguvu kupata kuliko dhahabu."

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani yangu mkononi. Ukaniona, ukaacha kucheka. "Na huyu anakula sawa ngombe, yuko wima. Kuya ikala." Nilisema nitakuja. Sikuzote nilisema nitakuja.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Baada ya mazishi alikuja bwana mmoja na gari la unga. Tunamwita Monsieur Unga. Si mtu mbaya. Alivua kofia alipoona kiti chako. Alituambia ataleta unga, mafuta na maharagi, na kati ya akina mama wa mtaa wanaopika nami hakuna aliyepumua, maana mfuko wetu ulikuwa umebaki na vumbi. Lakini alikuwa na mpango wake. Watoto wapewe uji kwenye shule ya msingi ng'ambo ya barabara kubwa, ambako mganga atawapima. Wazee wabaki hapa uani na chakula chao kikavu, tuwapikie. Nikamwuliza kwa Kifaransa changu kizuri kwa nini tusile pamoja kama tulivyozoea. Akanijibu kwa upole, "Mademoiselle, wazee wanakohoa. Watoto hawa ni dhaifu. Unataka nifanye nini?"

Mama Aneti, yule mzee wa kwaya, anakohoa kweli. Nimempa bakuli lake na nimemweka upande ambako upepo unaelekea. Bwana yule hakusema uongo, na ukweli wake unanikera kuliko ambavyo uongo ungenikera. Tulikubali sote, akina mama na mimi. Njaa ilikubali kabla yetu.

Siku za kwanza uani palikuwa na utulivu ambao sikuupenda. Wazee walikaa kwenye benchi lao, wakala wakitazama mbele kama watu walio kwenye foleni ya ofisi. Halafu nikaona jambo. Hawakuwa wanamaliza. Kila mmoja alikula kidogo, akakata kipande cha bugali, akakifunga kwenye kitambaa, akakitia mfukoni au kifuani. Nikamwuliza Mama Aneti. "Ni ya mutoto," alisema, kana kwamba nimeuliza jina la mchana.

Na ng'ambo ya barabara, kwenye ile shule, watoto walikuwa wanakunywa nusu ya uji na kuficha nusu kwenye makopo ya nyanya.

Unaona inavyokwenda? Wazee wanatoka huku na vitambaa, watoto wanatoka kule na makopo, wanatafutana. Na katikati, kwenye barabara kubwa, kuna barrière. Wapiganaji wameweka kamba na matairi, wamekaa na bunduki, na kila anayepita anaulizwa ni mtu wa wapi. Jibu lililokuwa zuri jana laweza kuwa baya leo, inategemea nani ameamka na mji mkononi.

Siku moja nilimwona Muzee Ramazani anateleza nje ya lango na kitambaa chake, nikamfuata nimrudishe. Nilimpata kwenye kona, ameshika ukuta. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia barrière. Zawadi alikuwa amesimama mbele ya kamba, kopo limeshikwa kwa mikono miwili, na mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu, ameinama usoni pake. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Unapeleka wapi huo uji?"

"Kwa koko wangu."

"Koko wako ni mutu wa wapi?"

Akanyamaza. Nilijua kwa nini hajibu. Hajui. Hakuwahi kumwuliza, kwa sababu wewe ulikataza. Akitaja kijiji chake mwenyewe, na mzee akatokea na kuulizwa, majibu hayatalingana, na kwa kutolingana kama huko watu wamelazwa mtaroni. Muzee Ramazani alinishika mkono, kucha zikaniingia.

"Ni wa sinia yetu," alisema Zawadi.

"Sinia? Iyo iko kijiji gani, lokalite gani?"

"Iko kwa Mama Mukubwa, nyuma ya kanisa. Hauyijui? Weye haukuli?"

Mama Mukubwa, nilifumba macho. Nilisikia wenzake wanacheka. Nilipofumbua, mwenye ndevu alikuwa anakunywa ule uji, kichwa nyuma, mpaka tone la mwisho. Akampa kopo tupu. "Pita. Umusalimie koko."

Alifika kwenye kona akatukuta. Mzee akamvuta kwa bega.

"Mujinga weye! Nani alikutuma?"

"Weye njo mujinga, unatembea bila fimbo! Amekunywa yote, ule mwizi. Angalia."

Akamwonyesha kopo. Kisha akaona kitambaa. Alikifungua mwenyewe, akakata kile kipande cha bugali kilichokauka, akakiinua hadi kinywani mwa mzee, palepale barabarani. Muzee Ramazani alikuwa analia kwa hasira, lakini alifungua kinywa. Hakukataa tonge la mtoto. Ulikuwa umeshakufa, na sheria yako ilikuwa inasimama kwenye kona ya barabara kubwa na watu wenye bunduki wakitazama.

Tangu siku ile sikai.

Nimekwenda kwa Monsieur Unga. Nimemwambia siwezi kuacha watoto wavuke. Akasema aliwakataza wasitoke na uji, na hilo ni kweli. Nikamwambia alete uji wa watoto hapa. Akasema mganga yuko kule, na kibali chake ni cha kule. Nikasema basi nitawaambia watoto wabaki hapa uani, bila uji. Akaniuliza, "Utawanyima chakula kwa ajili ya mazoea?"

Neno hilo nimetembea nalo. Nalipindua hivi, nalipindua vile. Je, ni watoto ninaowalinda, au ni wewe ninayekutafuta kwenye sinia zile? Kama ningekuwa sikupendi ningeamua vipi? Nimekaa shule miaka yote ile ili nijifunze kupima mambo, na hapa sipimi kitu, natembea tu. Mtoto dhaifu anahitaji uji. Mtoto aliyepigwa risasi na kopo mkononi hahitaji tena kitu.

Jana nimeamua. Nimetuma habari shuleni na ukutani kwa kanisa: anayetaka kula na koko wake aje hapa, abaki hapa, asivuke na kopo. Hakuna uji. Kuna sombe, kuna mihogo ya Mama Aneti, kuna maharagi kidogo, na kuna makayabo. Ndiyo, makayabo! Rafiki yako mmoja wa soko amepanda kwa miguu kutoka Kasenyi kwa njia za porini na amebeba wachache kichwani. Aliposikia umekufa aliketi chini langoni akawaacha wote hapo. Basi leo, kwa mara ya kwanza tangu uende, samaki wamelala tena juu ya sinia.

Nimekwenda langoni. Hakuna mtoto.

Nimerudi, nimekwenda tena. Hakuna mtoto, na sasa nimeona jambo jingine: benchi la wazee ni tupu. Walikuwa hapa nilipowasha moto. Fimbo hazipo, kofia hazipo. Hata Mama Aneti, ambaye huniomba mkono ili afike chooni, hayupo. Nimewaita. Nimetazama nyuma ya jiko, kama mtu anayetafuta kuku. Bugali imeiva, samaki wamepata moto, na ua wako ni mtupu kabisa, Mama Mukubwa. Nimekosea. Watoto wamefuata uji na wazee wamewafuata watoto, na wote wako upande wa pili wa ile kamba, na mimi hapa na mwiko. Siwezi kuandi

Nimerudi. Mwandiko wangu ni mbaya, utanisamehe.

Nilikimbia hadi kwenye kona ileile. Waliniacha nijue mwenyewe, hawakuniambia neno, wakorofi wale. Alfajiri walipanga, wakatoka nilipokuwa nimeinamia chungu. Wakavuka barabara bila kitu mikononi, wazee peke yao, na nani atasumbuka na wazee? Wakakaa nje ya ukuta wa shule mpaka watoto walipomaliza kunywa uji wao, wote, mpaka mwisho wa kopo. Kisha kila mzee akashika watoto wa sinia yake mkononi, nao wakaanza kurudi. Niliwakuta wakiwa mbele ya barrière, safu nzima, polepole, kwa mwendo wa magoti ya Mama Aneti. Mbele alikuwa Muzee Ramazani, leo ana fimbo, na Zawadi anaibeba kofia yake.

Mwenye ndevu alitoka kwenye matairi yake.

"Hawa wote ni wajukuu wako, Muzee?"

"Wote."

"Mbona hawafanani?"

"Nilikuwa na bibi mingi."

Yule mtu akageukia nyuma, kwa Mama Aneti, aliyevaa kitambaa chake cha kwaya na rozari shingoni. "Na weye, mama? Hawa wako nao hawafanani."

Mama Aneti akakohoa, akaweka mkono kifuani. "Mwanangu, na miye nilikuwa na bwana mingi."

Walicheka wote, wale wenye bunduki, walicheka kama watu wanaokumbuka kitu. Kamba ikashuka. Nilisimama kwenye kona nikiwahesabu kwa macho bila kujua hesabu, nikitaka tu wapite, wapite, wapite. Wamepita. Mama Aneti aliponifikia aliniambia sikioni, "Nitaungama Jumapili."

Sasa wako uani. Nawasikia kutoka hapa kwenye pipa. Kuna maji yanamwagwa mikononi, kuna ugomvi wa nani akae wapi, na Muzee Ramazani ameona samaki na anaapa kwamba hapa ni Nizi na amepata mshipa mkubwa. Watoto wamekunywa uji wa Monsieur Unga na sasa watakula samaki wako. Mimi niliyesoma sikuliona hilo. Nilidhani kuna kuchagua tu.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Kesho mwenye ndevu anaweza kuwa na siku mbaya. Kesho anaweza kuwa mtu mwingine, ambaye hakulelewa na koko. Watavuka tena, najua, sina uwezo wa kuwazuia, na kicheko hakilindi mtu kwa muda mrefu. Kwa hiyo nakuahidi hivi. Nitakuwa pamoja nao, mbele, karibu na Muzee Ramazani, na nitajifunza kusema uongo vizuri kama watu wa kanisa. Na Monsieur Unga nitamwalika aje akae kwenye sinia, si kwa maneno ya Kifaransa. Akikataa tonge, hilo ni shauri lake na wewe.

Zawadi amesimama hapa. Ameshika kipande cha makayabo kwa vidole, kidogo, kimetolewa miiba, mafuta yanadondokea karatasi yangu, unaona hapa. Nimemwambia nitakuja. Hashushi mkono.

"Mademoiselle," anasema, "mukono yangu inachoka."

Tangu ufe sijala kwenye sinia, Mama Mukubwa. Nakula hapa kwenye pipa, wima, mgongo kwa watu. Kiti chako kiko wazi na nimekuwa nikikizunguka kama moto. Lala, basi. Usiningoje tena mlangoni na lile jicho lako. Naweka kalamu, nakwenda kukaa, na nitafungua kinywa.

Mimi mwanao,
Solange